Sauti ya Tatu na Do Tisa za Donizetti

Sauti ya tatu hakuna anayetoka nayo kanisani. Watu wakimaliza ibada wanaimba njiani ile ya kwanza, kina mama waliowahi kupitia kwaya wanachomeka ya pili, na kila mwanaume mwenye kifua anajaribu kunguruma ya nne. Ya tatu inabaki imekaa katikati kama mtoto wa kati kwenye familia ya watoto watano. Ukiitoa, wimbo unapwaya. Ukiirudisha, hakuna anayesema ahsante.

Wenye nota huiita tenori. Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa kwenye kwaya, chukua hivi: ni wanaume wanaoimba juu kuliko sauti yao ya kuongelea, na kwa kawaida kazi yao ni kujaza. Nimezaliwa Mbeya, nikasomea uandishi wa habari Iringa, na mpaka leo maisha yangu ni kupanda na kushuka ile barabara ya Mafinga na Makambako, kilomita zaidi ya 300 kila upande. Katika miji yote miwili nimewaona wanaume wa sauti ya tatu wengi tu. Wachache sana niliwaona wakiachiwa kipande cha kuimba peke yao, na aliyeachiwa alikipata kwa sababu mwenye solo alikuwa amesafiri.

Sasa nataka niwaambie habari ya albamu ambayo sauti ya tatu ndiyo kila kitu. Inaitwa Allegro io son, ilitoka mwaka 2016, na mwimbaji ni Lawrence Brownlee, Mmarekani mweusi kutoka Ohio. Ndani yake ni aria, yaani zile sehemu za opera ambapo mhusika anasimama peke yake na kumwaga yaliyo moyoni. Karibu zote ni za Gaetano Donizetti na Vincenzo Bellini, Waitaliano wa nusu ya kwanza ya karne ya 19. Nyuma yake kuna okestra ya mji wa Kaunas, kule Lithuania, ikiongozwa na Constantine Orbelian. Nilipewa na rafiki yangu mmoja wa Iringa kwenye flashi pamoja na vitu vingine ambavyo sikuviomba, nami nikaisikiliza kwa mara ya kwanza ndani ya basi, mvua ikinyesha, jirani yangu akila mahindi ya kuchoma.

Brownlee alizaliwa mwaka 1972 na alilelewa kanisani, na ndiyo maana nimemng'ang'ania yeye badala ya Pavarotti. Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya, mama yake mwimbaji, na mtoto mwenyewe alikuwa akipiga ngoma, gitaa la besi na kinanda katika kanisa la familia. Ukibadilisha majina ya mitaa, hiyo ni habari ya kijana yeyote wa Soweto ya Mbeya au wa Kihesa pale Iringa. Baadaye alisoma muziki chuoni, mwaka 2001 akashinda mashindano ya kitaifa ya Metropolitan Opera ya New York, mwaka uliofuata akaimba La Scala, Milano. Mwaka 2007 akapanda jukwaa la Metropolitan lenyewe. Jumba hilo lilimpa mtenori mweusi wa Marekani nafasi kubwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 tu, naye alikuwa George Shirley. Kwa hiyo usione kama njia ilikuwa imelimwa.

Opera zenyewe hazina utakatifu wanaoudhania watu. Ile aria iliyoipa albamu jina maana yake ni "nina furaha", na anayeimba ni mwanaume anayepigwa na mkewe. Mume wa kwanza wa mke huyo, aliyedhaniwa amekufa, ametokea mzima, na huyu wa pili anashangilia kwamba sasa ataachwa huru. Ni kichekesho cha Donizetti kiitwacho Rita. Ukiwekea maneno ya Kiswahili, kinafaa kabisa kuwa igizo la redio la Jumamosi asubuhi.

Ile inayojulikana kuliko zote, Una furtiva lagrima, yaani chozi la kificho, inatoka kwenye L'elisir d'amore ya mwaka 1832. Kijana wa kijijini, Nemorino, maskini na si mjanja, anampenda msichana mwenye mali. Anapita mganga wa barabarani na gari lake la chupa, anauza dawa ya kila kitu, na kijana anauziwa dawa ya mapenzi. Chupani mna mvinyo wa kawaida. Ikiisha anataka nyingine, hana fedha, anajiandikisha jeshini ili apate malipo. Jamani! Nani amepita stendi yoyote ya kwetu asione yale makaratasi kwenye nguzo za umeme, mganga bingwa, mpenzi atarudi kwa siku tatu, malipo baada ya mafanikio, na namba ya simu chini? Donizetti aliijua nguzo ile.

Wimbo wenyewe hauchekeshi hata kidogo. Unaanzishwa na basuni, ala ya mbao ndefu yenye sauti kama ya mtu aliyekuwa analia akanyamaza, halafu mtenori anaingia polepole, taratibu, karibu kama anajisemea. Amemwona yule msichana akidondosha chozi na ameelewa kwamba anapendwa. Hapigi kelele. Nilitegemea atapanda atikise madirisha, maana ndivyo tulivyozoea, solo ikifika mwisho kila mtu anatafuta dari. Brownlee anafanya kinyume: anavyozidi kufurahi ndivyo anavyozidi kuipunguza sauti, na bado unaisikia yote. Hapo nikalipandisha dirisha la basi nizuie upepo.

Hicho ndicho kinachoitwa bel canto. Neno maana yake ni uimbaji mzuri, lakini tafsiri hiyo haikusaidii kitu. Ni ufundi wa pumzi. Mwimbaji anajaza hewa chini, mbavu zinatanuka, kisha anaitoa kidogo kidogo, kama mtu anayetoa fedha za mwisho wa mwezi. Sauti inaelea juu ya hewa hiyo bila koo kukazwa. Watenori wa zama zile, walipofika noti za juu kabisa, hawakulazimisha kwa nguvu za kifua. Walilegeza, wakaipeleka sauti kichwani, ikawa nyembamba na laini. Giovanni Battista Rubini, ambaye Bellini alimtungia sehemu katika I puritani ya mwaka 1835, alisifika kwa njia hiyo, na sehemu yake ina noti ambazo hadi leo watenori wengi wanaziruka.

Halafu akaja Gilbert Duprez. Mwaka 1837 huko Paris aliimba Guillaume Tell ya Rossini na akaitoa do ya juu kwa nguvu zote za kifua. Ukumbi ukasimama. Rossini mwenyewe hakufurahi. Inasimuliwa kwamba alisema sauti ile ni ya jogoo anayechinjwa. Lakini watu walikuwa wameshaonja, na tangu hapo wakataka ile ile. Aliyekuwa mtenori mkuu wa Paris kabla yake, Adolphe Nourrit, ndiye aliyeimba sehemu hiyo mara ya kwanza mwaka 1829, kwa njia ya zamani. Alijiuzulu. Akaenda Italia kwa Donizetti ajifunze upya, sauti ikazidi kuharibika, na mwezi Machi 1839, mjini Naples, akajirusha kutoka juu akafa. Alikuwa na miaka 37. Duprez naye sauti yake haikudumu, ilichakaa mapema.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi, kwa sababu ya binamu yangu.

Binamu yangu ni konda wa Hiace ya Kabwe kwenda Uyole. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri ni "Uyole, Uyole, mbili hapa, mbili hapa," na jioni, siku tatu kwa wiki, ni mazoezi ya kwaya. Ndiye sauti ya tatu bora niliyowahi kuisikia kwa masikio yangu mwenyewe, na nimesikia nyingi. Kwaya yake ina spika kubwa mbili, ukubwa wa kabati la nguo, na kinanda. Mwalimu akiona wimbo umepoa anasema tupandishe nusu. Wakipanda nusu, wanapanda tena nusu. Sauti ya kwanza wana maiki, sauti ya tatu hawana, basi wanalazimika kushindana na kinanda kwa koo tupu. Duprez wanane wamejipanga mstari mmoja, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna njia nyingine.

Mwezi uliopita sauti ilianza kumkatika. Asubuhi anaamka nayo nzito kama ya mtu aliyelala kwenye moshi, mchana inapasuka, jioni haipo. Alikunywa tangawizi, akanywa asali na ndimu, akaombewa. Mwishowe alikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, akaambiwa ana vinundu kwenye nyuzi za sauti. Ni kama sugu kwenye kiganja cha anayeshika jembe kila siku, daktari alimwelezea hivyo. Wiki sita asiimbe, asipaze sauti, na asinong'one pia, maana kunong'ona nako kunaumiza. Baada ya hapo atazamwe tena. Vinaweza kuondoka vyenyewe endapo atabadili namna ya kuitumia sauti. Akiendelea vile vile, ndiyo basi.

Konda asiyepaza sauti! Fikiria mwenyewe.

Nilikwenda kwake Uyole Jumapili moja mchana, wenzake wakiwa kanisani. Nilimwekea Ah! mes amis, ambayo nayo imo kwenye albamu. Inatoka kwenye La fille du régiment ya mwaka 1840, Donizetti aliitunga kwa Kifaransa kwa ajili ya Paris. Kijana Tonio naye amejiunga na jeshi kwa ajili ya msichana (Donizetti na vijana wake wa jeshini, sijui walimkosea nini), na kwa furaha anazitoa do za juu tisa. Ili mwanakwaya anielewe: Waitaliano do yao haihami. Ya kwetu inahama kufuatana na ufunguo, yao ni kibao kile kile cha kinanda daima, ile C. Sauti ya tatu ya nyimbo zetu nyingi inagota F. Kutoka hapo hesabu vibao vyeupe vinne kwenda juu, ndipo ilipo. Mara tisa.

Binamu hakuuliza maneno yanasema nini. Alifumba macho, akanyoosha vidole, akaanza kuhesabu. Nilidhani anahesabu do. Wimbo ulipokwisha alichukua karatasi, kwa kuwa haruhusiwi kuongea, akaandika: "Anavuta pumzi wapi?" Tukarudia. Mara ya tatu alinionyesha kwa kidole, hapa, na hapa, na hapa, sehemu ambazo mimi sikusikia chochote. Halafu akaandika: "Huyu hachoki kwa sababu hakimbii." Akaipigia mstari. Mimi niliyemaliza kusoma makala nyingi za wahakiki juu ya albamu hii sikukuta hata moja iliyosema vizuri kuliko hivyo.

Rafiki zangu wengine watasema, mbona unatuletea mambo ya Wazungu, binamu yako anaimba za kwetu. Hoja hiyo naiheshimu, ila haina miguu hapa Nyanda za Juu Kusini. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Wamisionari wa Consolata, Waitaliano wa Torino, wako Iringa tangu mwaka 1919, na ukienda Tosamaganga utaikuta kazi yao kwa macho. Hizo do re mi tunazoandika ubaoni kwa herufi zimetokana na mtawa wa Kiitalia wa karne ya 11, Guido wa Arezzo, zikapitia kwa Waingereza wa karne ya 19 ndipo zikaja kwetu. Kwa hiyo tayari tunaimba kwa silabi za Kiitalia kila Jumatano jioni. Tulichukua silabi, pumzi hatukuchukua.

Au labda tuliichukua tukaiacha njiani. Nilipokuwa Iringa nilizungumza na mzee mmoja, mwimbaji wa zamani wa upande huo wa Tosamaganga, umri wake umepita miaka 80. Nilimkuta kibarazani, tukasalimiana, "kamwene", na yeye "kamwene", nikamwambia, shikamoo babu, nimekuja kuuliza habari za nyimbo za Kilatini za zamani. Alicheka. Akasema walipokuwa watoto kulikuwa na padre wa Kiitalia aliyekuwa akiwalaza chali sakafuni, kila mmoja na kitabu juu ya tumbo. Kitabu kipande, kitabu kishuke, polepole, bila kutoa sauti. Wiki nzima hakuna kuimba, ni vitabu tu, wakidhani padre amechanganyikiwa. Kisha akaniimbia kipande kifupi. Sauti ilikuwa ndogo, haikutetemeka. Nilimuuliza kama aliwahi kumfundisha mtu mwingine jambo hilo la kitabu. "Nani aliniuliza, mjukuu wangu?" akasema.

Kuna kitu kingine kuhusu Donizetti ambacho binamu alikipenda kuliko do tisa. Alizaliwa Bergamo mwaka 1797, katika nyumba ya chini ya ardhi isiyofikiwa na mwanga. Baba yake baadaye akawa mlinzi wa duka la rehani la mji. Mwaka 1806 mwalimu mmoja, Simon Mayr, naye mgeni aliyetoka Ujerumani, alianzisha pale shule ya bure kwa watoto wa maskini, lengo likiwa kupata waimbaji wa kwaya ya kanisa kuu. Donizetti mdogo akaingia. Na sauti yake ilikuwa mbovu. Walimu waliandika kwamba ina kasoro ya koo. Kwa kanuni ya shule alitakiwa atolewe, Mayr akamtetea, akabaki, akafundishwa kutunga. Aliyeachiwa abaki na koo bovu ndiye aliyewatungia watenori wa dunia chakula cha miaka karibu 200.

Mji ule haukuwa na kitu cha ajabu, ulikuwa na mwalimu. Sisi mwalimu wa sauti wa kweli tunamtafuta wapi? Kuna Bagamoyo, kwenye taasisi ya sanaa. Kuna chuo cha muziki cha Zanzibar, kilichoanza mwaka 2002. Kutoka Mbeya hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800, na konda hana likizo. Wakati huo huo kwaya moja ya kawaida tu ya mjini inaweza kuchangisha fedha za spika mpya, sare mpya mbili kwa mwaka, kamera, na nauli ya kwenda kurekodi Dar es Salaam. Mimi sizichukii sare, nimewahi kushona yangu ya kitenge na bado ninayo. Ila nimekaa kwenye vikao hivyo vya michango nikiandika muhtasari, na sijawahi kusikia mtu akinyoosha mkono na kusema tumlete mtu atufundishe kupumua.

Nilimpelekea binamu habari ya yule babu wa Tosamaganga kwa ujumbe wa simu. Usiku akanijibu kwamba amejaribu na kamusi, ni nzito, amebadilisha ametumia daftari la hesabu za gari. Siku ya nne akaandika kwamba mkewe anamcheka. Siku ya kumi, kwamba anaweza kutoa hewa kwa hesabu ya 31 bila kifua kushuka, na kwamba Brownlee kwenye ile ya chozi, sehemu ya mwisho kabisa anapocheza peke yake bila okestra, yeye amempima kwa saa ya simu. Hakuniambia alipata ngapi. Alimalizia kwa ndaga fijo.

Kazini ameelewana na dereva: anapiga bodi ya gari kwa kiganja, mara moja simama, mara mbili twende, na kijana wa stendi anamwitia abiria kwa malipo ya kila mzunguko. Mwisho wa siku kinachobaki ni kidogo. Kwaya inarekodi mwezi ujao, na kwenye wimbo mmoja kulikuwa na solo ya sauti ya tatu, ya kwanza tangu ajiunge, aliyotungiwa yeye. Amemwandikia mwalimu barua kumwomba amsubiri mpaka daktari amwone tena. Wiki ya sita inaisha Alhamisi. Mwalimu hajajibu, ila jina lililoko ubaoni hadi jana bado lilikuwa lake.